Posa ya Pikapu Nyeupe

Kwa miaka mingi mikate ya Selpher Navalayo ilifika shuleni imebonyea. Ilitoka kwenye tanuri lake, nyuma ya soko la Kakamega, imevimba na kung'aa kama mashavu ya mtoto aliyenyonya akashiba. Kisha ikaingia kwenye pikapu ya kukodi ya Osundwa, pamoja na magunia ya mahindi, madebe ya mafuta taa na, siku moja, mbuzi. Ikifika Shinyalu au Navakholo, huwezi kujua kama ni mkate au ni chapati iliyojaribu kuwa mkate ikakata tamaa. Walimu walinunua huku wakicheka. Selpher alicheka nao, maana mteja akicheka hununi, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alihesabu hasara.

Osundwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayejua kwamba huna pengine pa kwenda. Selpher akilalamika, yeye aliegemea mlango wa gari lake, ule uliofungwa kwa waya, akamwambia, "Mama Maurine, siku utanunua lako, mimi nitalipangusa vumbi kwa shati langu mwenyewe."

Zamani mikate hiyo ilibebwa kwa baiskeli na Joash, mumewe Selpher, aliyekuwa akipiga kengele kila kona hata kama hakuna mtu. Joash alipofariki, baiskeli iliegemezwa ukutani karibu na tanuri, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Vumbi la unga lilitua juu yake mpaka ikawa kama kitu kilichookwa. Selpher alikuwa akipita hapo kila alfajiri, akigusa kengele kwa kidole, asiipige.

Mwaka wa tisini na sita, mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana alimwita ofisini. Ile ndiyo shule iliyokuwa ikinunua mikate mingi kuliko duka lolote. Mwalimu akaweka juu ya meza mkate mmoja uliolala kifudifudi, akamwambia kwa upole kwamba muhula ujao, kuanzia Jumatatu ya kufungua, mikate kama huo haitapokelewa tena. Kuna mwokaji wa Kisumu mwenye gari lake. Selpher akaushika ule mkate, akaupapasa kama mtu anayempapasa mgonjwa, akasema, "Jumatatu utaona mkate umesimama wima, mwalimu."

Akatoka nje akijiuliza ni nani aliyesema maneno hayo kwa mdomo wake.

Pesa alikuwa nazo, au karibu. Alikuwa ameziweka kidogo kidogo tangu Joash akiwa hai, na kipande cha miwa alichoachiwa alikuwa amekiuza mwaka huo. Jumla ilikuwa laki saba, na nyuma ya hiyo laki saba hapakuwa na kitu ila tanuri. Leseni pia alikuwa nayo. Aliipata kwa shida, mwalimu wake wa udereva akiwa ameshika mlango wazi muda wote, tayari kuruka. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kumuuzia gari jipya bila kumvua nguo.

Alianza Kisumu, kwenye duka la magari lenye kuta za vioo. Alimchukua shemeji yake Shikanga, kaka mkubwa wa marehemu, ili aonekane ana watu. Kijana mwenye tai aliwapokea vizuri sana, ila alizungumza na Shikanga peke yake. Mzee anapenda injini ya namna gani? Mzee anapendelea rangi ipi? Shikanga, ambaye hakujua tofauti ya klachi na koleo, alijibu kwamba anapenda rangi ya ng'ombe. Selpher alipofungua mlango aketi, yule kijana alikimbia kutandika gazeti kwenye kiti kwanza. Selpher akaketi juu ya gazeti. Akashika usukani, akautazama, akashuka, akamshukuru kijana, akamuuliza njia ya kwenda stendi.

Wa pili alikuwa Lusweti, dalali wa pale pale Kakamega, mtu mwenye maneno laini kama siagi. Yeye alisema anayo moja mpya kabisa, imetoka melini juzi, haijawahi kukaliwa. Na kweli ilikuwa inang'aa, na viti bado vimefunikwa nailoni. Lakini Selpher ameishi kwa pua yake. Mtu anayejua unga umechacha kabla gunia halijafunguliwa hadanganywi na nailoni. Alipiga magoti, akainua zulia la chini, akanusa. Ilikuwa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani.

"Lusweti," akamuuliza akiwa bado amepiga magoti, "hili gari limekuwa jipya mara ngapi?"

Wa tatu alimpata bila kumtafuta. Alikuwa amekwenda Mumias kununua sukari ya mikate, akapita mbele ya yadi ya Abdulnasir, Mwislamu wa hapo hapo, aliyekuwa akiagiza pikapu mpya chache chache kutoka Mombasa na kuwauzia wakulima wa miwa. Selpher hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara akila muwa, akatazama.

Akaona mkulima wa Matungu anaingia na pikapu iliyojaa tope, anashuka akipiga kelele kwamba mlango haufungi. Abdulnasir akatoka na kanzu yake, akachuchumaa, akaufungua mlango na kuufunga, akauliza kwa sauti ile ile kama ni kweli mwenzake amembeba fahali kwenye kiti cha mbele, maana alama ya pembe hii hapa. Waligombana mpaka watu wakasimama kutazama. Kisha mlango ukatengenezwa, na wote wawili wakaonekana wakinywa chai ya birika moja. Selpher akatema kapi la muwa. Muuzaji anayegombezwa mchana kweupe na watu aliowauzia zamani, nao bado wanarudi, huyo ana uso wa kutazamika. Akaamua hapo hapo.

Ndipo alipoiona. Ilikuwa nyeupe, imesimama peke yake chini ya mabati, taa zake mbili zikimtazama kama zinamngojea yeye. Kitu fulani kikamwenda mbio kifuani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na alidhani mambo hayo yalishapita.

Siku iliyofuata alitia sukari mara mbili kwenye unga, na wateja wakasifu. Siku ya pili aliipiga kengele ya baiskeli. Aliimba wimbo wa kanisa kwa mwendo wa harusi. Bintiye Maurine alipomuuliza ana nini, alisema ni joto la tanuri.

Sasa, kununua gari ni kujadiliana bei, na katika ukoo wa Joash hakukuwa na mdomo wa kujadiliana kuliko wa Shikanga. Hakuna baba wa msichana Shinyalu nzima aliyeketi na wageni wa posa bila Shikanga kando yake. Watu walisimulia jinsi alivyowatoa jasho wazee wa Mautuma mpaka mmoja wao akaomba maji. Selpher alimpelekea ingokho mzima na kumwomba aje aseme kwa niaba yake. Shikanga alimla yule kuku, akafuta mikono, akasema kwamba jambo hili ni posa kama posa nyingine, na akampa masharti. Selpher ndiye bwana harusi. Bwana harusi hasemi. Bwana harusi hacheki. Zaidi ya yote, bwana harusi hamkodolei macho msichana, kwa maana wenye msichana wakiona mate yanakutoka wanaongeza ng'ombe.

Walifika Mumias Jumamosi asubuhi, Shikanga na koti lake la posa na fimbo nyeusi, Selpher na kitambaa kipya cha kichwa. Selpher aligeuza uso kutoka kwa pikapu nyeupe, akaukaza kwenye bomba la maji lililokuwa likidondoka uani. Alilitazama bomba lile kwa bidii mpaka mmoja wa mafundi akaenda kulifunga.

Salamu zilichukua muda wake. Abdulnasir aliwaambia karibuni, akauliza habari za mvua, za miwa, za barabara. Shikanga akajibu zote. Kisha akaegemea fimbo.

"Sisi ni wapita njia," akasema. "Tumesikia kwamba katika boma hili kuna ndama mweupe."

Muuzaji mwingine angeuliza ni ndama gani. Abdulnasir alizaliwa Matungu, akaoa Mumias, na alikuwa amewaoza dada zake wote. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Ndama tunao, mzee," akasema. "Lakini tumewalea kwa taabu. Nyinyi ni watu wa wapi, na mifugo yenu inakaaje?"

Basi mambo yakaanza. Mkewe Abdulnasir, Swafia, alileta chai na maandazi. Shikanga akaiweka mbali, akieleza kwamba sisi hatuonji kitu kabla neno halijasemwa. Mafundi wakaacha spana zao. Abdulnasir alitaja laki saba na nusu. Shikanga akawa kiziwi ghafla, akamwomba arudie, akawa kiziwi tena. Alisema kwao hata binti wa chifu hakufika huko. Akauliza kama msichana anakohoa, na injini ikawashwa ili asikie. Akauliza anakula kiasi gani, akaelezwa habari za petroli, akasikitika sana. Kila alipotikisa kichwa, bei ilishuka kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi akiwa na mzigo. Ikafika laki saba. Ikashuka chini yake. Ikafika laki sita na nusu, ikasimama hapo ikihema.

Selpher alikuwa akibana midomo mpaka ikauma. Elfu hamsini zingebaki. Hizo ndizo bima, ndizo namba, ndilo turubai la kuzuia vumbi na fremu za kuwekea kreti za mikate. Bila hivyo pikapu isingetoka langoni, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Alijiona tayari yuko barabarani. Alilitazama bomba, na bomba lenyewe likaonekana linacheka.

Abdulnasir akashusha pumzi ya mtu aliyeshindwa. "Basi mzee," akasema, "mchukueni kwa hiyo. Kusema kweli, huyu msichana ni mwembamba. Sijui kama mgongo wake utabeba hiyo mikate yenu."

Mpaka leo watu wa Mumias wanabishana kama aliyasema kwa hila au yalimtoka tu. Shikanga aliinuka polepole. Shingo yake ilikuwa imerefuka.

"Mwembamba nani?" akasema. "Huyu? Mtazame mgongo. Mtazame hayo macho yanavyoangaza. Huyu hajawahi kutoka nje hata kuteka maji. Nyinyi mnakuja kwenye boma la watu, mnamwita mtoto wao mwembamba ili mpunguziwe? Sisi hatuuzi watoto, lakini pia hatuwatupi. Ni laki saba, na shilingi moja haipungui. Kama hamna, njia mliyokujia ni ile pale."

Akaielekeza fimbo langoni.

Ndege mmoja alisikika akitembea juu ya mabati. Abdulnasir alinyoosha mkono wake taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua kipepeo. "Laki saba," akasema. "Nimekubali, mzee." Na Shikanga, ambaye maisha yake yote mkono ukinyooshwa wakati huo huushika, akaushika.

Hapo ndipo Selpher alipoelewa jambo ambalo kila mtu Shinyalu angeweza kumwambia kama angeuliza. Shikanga hakuwa amewahi kusema kwa upande wa mwanamume. Hata siku moja. Alikuwa na mabinti saba na ukoo mzima wa wapwa wa kike, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupandisha mahari.

Shikanga naye aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa Abdulnasir, akatazama pikapu, akamtazama shemeji yake, na fimbo ikamponyoka.

Mkono ukishashikwa, neno halirudi. Hilo analijua Mluhya, awe wa kanisani au wa msikitini. Selpher alihisi machozi yanapanda, na kwa kweli yalipanda, lakini yalipofika kooni yaligeuka yakawa kicheko. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi lililolala hapo. Mafundi wakaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka. Alimwona Joash, jinsi ambavyo angeanguka na baiskeli yake kwa kusikia habari hii, na akacheka tena kwa niaba yake. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akainuka.

"Shemeji, mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza," akasema Shikanga kwa sauti ya mtu aliye kisimani.

"Bwana harusi ana ruhusa ya kusema sasa?"

"Sema tu, Mama Maurine. Mimi sina mdomo tena."

Selpher akamgeukia Abdulnasir. "Laki saba yako ipo, na sitapunguza hata senti. Mzee wangu ameshika mkono, yamekwisha. Lakini nikuulize, wewe uliyewaoza dada zako. Msichana wa mahari ndogo anaweza kuja na nguo alizovaa. Huyu mliyemsifu hivi, tukamlipia hivi, mnamtoa kwenu uchi?"

Abdulnasir akajikuna chini ya kofia.

"Mimi sioni shuka," akaendelea Selpher, akiizunguka pikapu na kuitazama sasa bila haya, kwa macho yote mawili, akiipitishia mkono. "Turubai liko wapi? Sioni masanduku yake. Pale nyuma panatakiwa fremu za kreti. Namba hana, ni kama mtoto asiye na jina. Bima hana. Tumbo lake nimesikia ni tupu. Na shangazi wa kumsindikiza na kukaa naye mpaka azoee nyumba ngeni, ni nani?"

"Mama," akasema Abdulnasir, "hili ni gari."

"Asubuhi lilikuwa ndama," akajibu Selpher. "Baadaye likawa msichana. Umelifanya gari baada ya kushika mkono?"

Mafundi wakapiga makofi kwenye mabati. Abdulnasir akageuka kutafuta msaada, akamkuta Swafia amesimama mlangoni na birika, na uso wake si uso wa msaada. Katika mambo ya vyombo vya binti anayeondoka, wanaume hawana neno. Kwa Waislamu wa Mumias na kwa watu wa Shinyalu ni sheria moja.

"Baba Sumayya," akasema Swafia, "ulikubali kuwa baba wa msichana ulipoona bei inapanda. Sasa kuwa baba yake mpaka mwisho. Kwetu hakutoki binti hivyo, tukaja kusemwa mpaka Kakamega. Mpe turubai lile la kijani. Hao mafundi wako watamchomelea fremu sasa hivi, kazi wanayofanya ni kucheka tu. Bima na namba zitoke mfukoni mwako. Na umjaze mafuta."

"Na shangazi?" akauliza fundi mmoja kwa unyenyekevu wa uongo.

Swafia alimtazama mumewe kutoka kofia hadi viatu. "Shangazi ndiye huyo," akasema.

Ndipo Shikanga alipoivuta ile chai iliyopoa, akainywa yote, akachukua andazi.

Walitoka Mumias jua likiwa limeanza kuegemea upande wa miwa. Selpher alikuwa kwenye usukani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama cha mtu anayekwenda vitani. Kando yake alikaa Abdulnasir, kanzu imekunjwa magotini, akifanya kazi ya shangazi kwa moyo wote: gia ya pili, mama, sasa ya tatu, usimwogope yule ng'ombe, yeye ndiye anakuogopa. Shikanga alipandishwa nyuma, ndani ya fremu za kreti, kwa adhabu. Alishika koti lake la posa kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Kila walipopita kituo watu walimpungia mkono wakidhani ni mgombea kura, naye baada ya muda akaanza kuwapungia.

Walikwenda polepole kiasi kwamba trekta la miwa liliwapita na dereva wake akawapa pole. Selpher alimshukuru. Aliwashukuru wote waliompita. Upepo uliingia dirishani na harufu ya miwa iliyoungua na mvua ya mbali, na kila kilima walichokipanda aliona kingine mbele yake, akafurahi kwamba kipo. Kwenye kona akapiga honi, ingawa hapakuwa na mtu.

Osundwa alikuwa ameegemea pikapu yake nyuma ya soko walipoingia. Alitazama gari, akatazama usukani na aliyeushika, akamtazama mzee aliyesimama nyuma kama sanamu ya mkombozi. Hakuna aliyemkumbusha kitu. Alianza mwenyewe kufungua vifungo vya shati.

"Usianze na boneti," Selpher akamwambia. "Anza na taa. Hapendi kuingiliwa vumbi machoni."

Jumatatu, kabla kengele ya asubuhi haijapigwa, pikapu nyeupe iliingia lango la shule ya wasichana kwa gia ya kwanza, shangazi akiwa bado ndani, kwa sababu Swafia alikuwa amesema mpaka binti azoee. Turubai la kijani likafunuliwa. Mwalimu mkuu akaja mwenyewe, akachukua mkate kutoka kreti ya chini kabisa. Akaubonyeza kwa kidole gumba katikati, bila huruma, kama mtu anayetafuta kosa.

Mkate ukabonyea. Selpher alikuwa amesimama hapo na funguo mkononi. Kisha, taratibu, mkate ukainuka tena.